Mstari wa Kijani wa Nantes

Ukifika mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, mwezi wa Julai au Agosti, tazama chini. Barabarani utaona mstari wa rangi ya kijani. Usihangaike kutafuta mwanzo wake. Ushike hapohapo ulipoukuta, uufuate. Utakupitisha mbele ya kanisa kuu na ngome ya watawala wa zamani wa Bretagne, utakuingiza kwenye vichochoro ambavyo mgeni asingethubutu kuviingia peke yake, utakutoa kwenye uwanja, utakuvusha mto. Kila baada ya hatua kadhaa utakutana na kitu kilichowekwa na msanii. Hununui tikiti, na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Hilo ndilo tamasha la sanaa la kiangazi la mji ule. Linaitwa Le Voyage à Nantes, yaani Safari ya Nantes, na lilianza kwa jina hilo mwaka 2012.

Nimeamua kulizungumza leo kwa sababu huku kwetu pwani matamasha hatuna uhaba nayo, na kila linapokwisha tunahesabu mambo yaleyale: watalii wamefika wangapi, hoteli zimejaa kiasi gani, mgeni rasmi alikuwa nani. Mimi nina maswali mawili tu ambayo ningependa yatangulie hayo. Tamasha limebakiza nini? Na limekibakiza upande gani wa mji? Watu wa Nantes walijiuliza maswali hayo wakati mji wao umeshapigwa pigo, na majibu yao yanastahili kusikilizwa kwa makini.

Tuanze na pigo lenyewe. Nantes ni mji wa mto. Bahari iko mbali, kilomita 50 hivi, lakini meli zilikuwa zikiupanda mto Loire mpaka mjini, na vizazi kwa vizazi watu wa pale walikula kwa meli: kuziunda, kuzipakia, kuzipakua. Karakana za kuunda meli zilikuwa kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto, ng'ambo ya pili ya daraja ukitokea mjini kati. Kisha mambo yakabadilika. Japani, na baadaye Korea Kusini, zikawa zinaunda meli kwa bei ambayo Ulaya haikuiweza. Meli zenyewe zikakua mpaka mto ukawa hauzitoshi. Serikali ya Ufaransa ikaamua meli kubwa ziundwe Saint-Nazaire, kule mto unakoingilia baharini. Mwaka 1987 karakana ya Dubigeon, ya mwisho pale mjini, ikafungwa. Chombo cha mwisho kutoka kwenye mikono ya mafundi wale kilikuwa meli ya jeshi la majini iliyopewa jina la Bougainville. Ilipoondoka, vyelezo vikabaki vitupu, na kisiwa kizima, chenye hekta zipatazo 337, kikawa na jeraha kubwa upande wake wa magharibi.

Mji ukipoteza kazi ya namna ile haupotezi mishahara peke yake. Fundi wa meli ana ufundi mkononi ambao hakuna mahali pengine pa kuupeleka. Ana wenzake wa zamu, ana mkahawa wake wa kunywea kahawa alfajiri, ana mtoto aliyekuwa akitegemea kurithi kazi ya baba. Yote hayo yalikatika pamoja. Mjini kati nako kulikuwa kumepoa.

Wakati huohuo sanaa nayo ilikuwa matatani. Meya aliyeingia madarakani mwaka 1983, Michel Chauty, hakukubaliana na nyumba ya utamaduni ya mji wala na mkurugenzi wake kijana, Jean Blaise. Blaise akajikuta nje. Alikopokewa ni kitongoji cha jirani, Saint-Herblain, ambako meya alikuwa mwalimu wa shule aitwaye Jean-Marc Ayrault. Wawili hao wakaanza kufanya kazi pamoja. Mwaka 1989 Ayrault akagombea umeya wa Nantes yenyewe, akashinda, na akakaa kwenye kiti hicho mpaka mwaka 2012 alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa. Miaka 23, meya mmoja, na pembeni yake mtu mmoja wa sanaa aliyeaminiwa. Naomba tuikumbuke miaka hiyo tunapoona mafanikio ya baadaye, maana sisi tumezoea kumpa mkurugenzi wa tamasha misimu miwili kisha tunamuuliza mbona mji haujabadilika.

Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa la usiku. Kuanzia mwaka 1990 waliandaa tamasha lililoitwa Les Allumées. Mpango wake ulikuwa rahisi kusimulia na mgumu kutenda: miaka sita, miji sita ya dunia, na kila mwaka masiku sita, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Barcelona ilitangulia, ikafuata Saint Petersburg, Buenos Aires, Napoli, Cairo. Wasanii wa miji hiyo walikuja kwa mamia. Na walipangiwa kucheza wapi? Kwenye maghala matupu, kwenye viwanda vilivyofungwa, kwenye majengo ambayo watu wa mji walikuwa wamezoea kuyapita wakiinamisha macho. Mwaka wa sita, zamu ya Havana, serikali ya Cuba ikawazuia wasanii wake na tamasha likavunjika. Lakini miaka mitano ilitosha kuwafundisha watu wa Nantes kuingia tena kwenye majengo yao wenyewe. Mtu aliyecheza muziki usiku kucha ndani ya ghala hawezi tena kuliona kuwa gofu.

Katika majengo hayo limo moja ambalo lazima nilitaje, kiwanda cha biskuti cha LU, karibu na kituo cha reli. Biskuti zake zilikwenda dunia nzima, na kiwanda kilikuwa na mnara wa madoido ambao kila mtu mjini aliujua. Uokaji ulipohamishwa, jengo likaachwa. Likakarabatiwa bila kufutwa makovu yake na likafunguliwa usiku wa kuamkia mwaka 2000 kwa jina la Lieu Unique: ukumbi wa michezo ya kuigiza, maonyesho, duka la vitabu, mkahawa, na hamamu chini yake. Kabla ya kufunguliwa, wakazi waliombwa kila mmoja alete kitu kimoja anachotaka kukiwekea akiba. Vikaletwa vitu kwa maelfu, vikafungwa ndani ya ukuta wa jengo, na vitafunguliwa tarehe 1 Januari 2100. Fikiria hesabu ya kisiasa ya jambo hilo. Hakuna diwani atakayekata utepe mwaka 2100 na kupigiwa kura. Walifanya hivyo ili jengo liwe la watu, na mtu ambaye kitu cha bibi yake kimo ukutani atalilinda jengo lile.

Sasa twende kisiwani, kwenye karakana, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya.

Vyelezo vilipobaki vitupu, palikuwa na mawazo mengi ya nini kijengwe. Mafundi wa zamani wa meli walikuwa na wazo lao: wasifutwe. Walijikusanya, wakahifadhi michoro, zana na picha, wakapewa nafasi katika jengo lililokuwa ofisi za karakana. Kreni kubwa ya njano waliyoiita Titan ikabaki imesimama, na leo ni kumbukumbu iliyosajiliwa na taifa. Mabanda marefu ya chuma, ambamo mabamba ya meli yalikatwa na kuunganishwa, yakaachwa na paa lake.

Ndani ya mabanda hayo wakaingia wasanii wawili, François Delarozière na Pierre Orefice. Delarozière alikuwa ametengeneza mitambo ya kikundi cha maigizo ya mitaani cha Royal de Luxe, ambacho kilihamia Nantes mwaka 1989 na kikajulikana ulimwenguni kwa majitu ya mbao yanayotembea barabarani yakivutwa kwa kamba. Tarehe 30 Juni 2007 wakafungua mradi wao, Les Machines de l'île, yaani Mitambo ya Kisiwa. Kiongozi wa mitambo hiyo ni tembo. Ana urefu wa mita 12 kwenda juu, ana uzito wa tani 48, amejengwa kwa mbao na chuma, anapakia abiria wapatao 50, na anatembea. Hutoka bandani akipepesa masikio, huinua mkonga na kuwarushia watoto maji, watoto hukimbia wakipiga kelele na kurudi kurushiwa tena. Goti lake linapokunjika unaona kila kiungo na kila bomba la mafuta linalosukuma mguu, kwa sababu aliyemtengeneza hakutaka kuficha kazi.

Hapo ndipo ninapowapa heko. Wangeweza kununua bembea kubwa ya kisasa kutoka kiwandani na kuiweka pale. Walichofanya ni kurudisha mahali palepale sauti zilezile: kuchomelea chuma, kupiga randa, kufunga bolti. Tembo yule amezaliwa chini ya paa lililozaa meli, na mgeni anaruhusiwa kuona karakana ikifanya kazi. Fundi mzee wa meli akimleta mjukuu wake pale hana haja ya kumweleza sana babu alikuwa akifanya nini.

Na kuna sababu nyingine inayonifanya nimpende tembo huyo. Mitambo ile yote ilibuniwa kwa kukumbuka ndoto za mwandishi Jules Verne, ambaye alizaliwa Nantes mwaka 1828 na utotoni alitazama meli zikitoka na kuingia. Riwaya iliyompa jina, iliyotoka mwaka 1863, inahusu Waingereza wanaolivuka bara la Afrika kwa puto, na puto hilo linapaa kutoka wapi? Zanzibar. Verne mwenyewe hakupata kukanyaga Unguja. Aliijua kwa vitabu na ramani, lakini kijana wa bandari alitambua bandari nyingine.

Pamoja na tembo, sanaa ikateremka na mto. Mwaka 2007, mwaka uleule, Blaise alianzisha Estuaire, maonyesho makubwa ya kazi zilizowekwa kandokando ya mto Loire kutoka Nantes mpaka Saint-Nazaire, umbali wa kilomita 60. Yakarudiwa mwaka 2009 na mwaka 2012. Kazi nyingi hazikuondolewa. Mpaka leo, pale Quai des Antilles kisiwani, zimesimama pete 18 kubwa za Daniel Buren na Patrick Bouchain. Mchana zinakuonyesha mto kipande kwa kipande, usiku zinawaka taa. Nyuma yake liko ghala lililokuwa la kuivishia ndizi kutoka makoloni, na sasa limejaa migahawa na chumba cha maonyesho. Huko mbali zaidi mashua ya Erwin Wurm imepinda pua kuelekea majini, kana kwamba inataka kurudi mtoni. Pwani ya Saint-Brevin kuna mifupa ya nyoka wa alumini, kazi ya Huang Yong Ping, mwenye urefu wa karibu mita 130, na maji ya bahari humfunika na kumfunua kila yanapojaa na kupwa.

Ndipo tunapofika kwenye mstari wa kijani. Mwaka 2011 halmashauri ilifanya uamuzi ambao kwa nje unaonekana wa kiofisi tu: ofisi ya utalii na wale wa sanaa waliunganishwa katika shirika moja la umma. Msikilizaji, nimeona kwetu wizara mbili zikigombania bango. Kule anayemkaribisha mgeni na anayemlipa msanii wakawekwa mezani pamoja, na bajeti yao moja. Kiangazi cha mwaka uliofuata wakapaka mstari.

Ubora wa mstari ni kwamba unaongoza miguu, na miguu ndiyo inayouhuisha mji. Mtu akija kwa basi mpaka kwenye ukumbi, akatazama onyesho na kurudi hotelini, mji haumjui. Akitembea nusu siku atachoka, atakaa, atakunywa maji, atanunua kofia, atauliza njia, atanyeshewa mvua na kujibanza kwenye mlango wa duka la vitabu. Wakagundua pia kwamba maduka yenyewe yanaweza kuwa sehemu ya maonyesho: wakawapa wasanii kazi ya kutengeneza vibao vya maduka, kibao cha fundi viatu, cha kinyozi, cha mkahawa, kila kimoja cha aina yake. Tamasha likiondoka, kibao kinabaki kikining'inia juu ya mlango wa mwenye duka.

Na kila mwaka baadhi ya kazi hupewa ukazi wa kudumu. Kwenye uwanja wa Bouffay, katika mtaa wa zamani kabisa wa mji, kuna sanamu ya Philippe Ramette iliyowekwa mwaka 2018: mwanamume aliyevaa suti, amesimama juu ya jukwaa la sanamu, lakini mguu mmoja ameutoa nje, hewani. Majenerali na wafalme husimama katikati ya jukwaa. Huyu anaonyesha hatua. Katika bustani ya mimea, mwandishi wa vitabu vya watoto Claude Ponti aliweka mabenchi makubwa mno na mengine madogo mno, watoto wakapanda. Kisiwani pana mti wa chuma wenye magoli ya mpira wa kikapu kila upande na kila kimo, mtoto wa miaka 5 ana goli lake na kijana mrefu ana lake. Kiangazi cha mwaka 2020, dunia nzima ikiwa bado inahangaika na korona, Stéphane Thidet aliteremsha maporomoko ya maji mbele ya nguzo za jumba la opera la Graslin. Kumbi zilikuwa na mashaka, lakini barabara ilikuwa wazi, na watu walisimama pale kutazama maji yakianguka.

Sasa ningekuwa nakudanganya, msikilizaji, kama ningesema sanaa peke yake ndiyo iliyoinua mji ule. Nantes ilikuwa ya kwanza Ufaransa kurudisha tramu, mwaka 1985. Treni ya kasi kutoka Paris ilifika mwaka 1989 na kuifanya safari iwe ya saa mbili hivi. Kisiwa kililetewa mahakama mpya, chuo cha usanifu majengo mwaka 2009, chuo cha sanaa mwaka 2017. Bila hayo wageni wasingefika na wanafunzi wasingekaa. Nami naona sanaa ilifanya kazi ambayo tramu haiwezi: iliwafanya watu watake kushuka kituoni.

Lakini kuna jambo zito zaidi, na nisingelizungumza tamasha la Nantes bila hilo. Utajiri wa mji ule wa karne ya 18 ulitokana na watumwa. Hakuna bandari ya Ufaransa iliyotuma meli nyingi za watumwa kama Nantes. Kati ya biashara yote ya watumwa ya Wafaransa, zaidi ya asilimia 40 ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa pale, na Waafrika waliobebwa na meli zao wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki nne na nusu. Majumba mazuri ya mawe kando ya gati la La Fosse, yenye nyuso za watu zilizochongwa juu ya madirisha, ndiko pesa hizo zilikoishia. Kwa miaka mingi mji haukutaka kulisema. Mwaka 1985, ilipotimia miaka 300 ya sheria ya kifalme iliyomfanya mtumwa kuwa mali, halmashauri haikutaka kuunga mkono mkutano wa wanahistoria. Utawala ulipobadilika, kati ya mwaka 1992 na 1994, maonyesho makubwa juu ya biashara hiyo yakafanyika ndani ya ngome ya mji, yakatazamwa na watu karibu laki nne.

Na tarehe 25 Machi 2012, miezi michache kabla ya mstari kupakwa, ukafunguliwa ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa, uliosanifiwa na Krzysztof Wodiczko na Julian Bonder. Uko palepale La Fosse, gatini. Kwenye njia ya miguu juu ya gati vimepandwa vipande 2,000 vya kioo. Vipande 1,710 vina majina ya meli na tarehe zilipong'oa nanga. Vingine 290 vina majina ya bandari na vituo: Afrika, Amerika, Bahari ya Hindi. Kisha unashuka ngazi, unaingia chini ya gati, usawa wa mto, mahali penye kiza na boriti, maji yanasikika kando yako.

Mstari wa kijani unapita hapo. Familia iliyotoka kurushiwa maji na tembo, ikiwa inarudi mjini kwa miguu, itakanyaga majina ya meli: majina mazuri mno, ya wake na ya watakatifu na ya matumaini, ambayo wenye meli walizipa meli zao. Wengine wanaona si sawa kuweka furaha na msiba kwenye njia moja. Mimi naona ndivyo inavyotakiwa. Mji unaofurahia majumba yale na kunyamaza juu ya pesa zilizonunulia mawe yake, umefufuka nusu. Kwetu hadithi hii si ya mbali. Mwaka 1776 Mfaransa mfanyabiashara aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watu elfu moja kila mwaka, wa kupelekwa kwenye mashamba ya Île de France, ndiyo Morisi ya leo. Sultani alitia saini. Huo nao ni ukweli wa kupandwa kwenye kioo.

Nantes ina makosa yake. Baada ya mafanikio ya tembo walitaka kujenga mti mkubwa wa chuma, wenye matawi ya kutembelea na ndege aina ya korongo wa mitambo juu yake, kwenye machimbo ya zamani ya mawe kando ya mto. Gharama ikaanzia euro milioni 35, ikapanda mpaka ikawa inazungumzwa milioni 80, na Septemba 2022 meya Johanna Rolland akausimamisha. Wapo waliolia, na wapo waliosema afadhali. Kodi za nyumba kisiwani zimepanda, na fundi aliyekuwa akiishi karibu na karakana leo angepata taabu kupanga chumba pale. Mwishoni mwa mwaka 2024 baraza la mkoa wa Pays de la Loire likatangaza kukata vibaya fedha za utamaduni, na vikundi vidogo ndivyo vilivyoumia kwanza. Mambo yaliyojengwa kwa miaka 30 yanaweza kudhoofishwa kwa kikao kimoja cha bajeti.

Nimeyasema haya yote nikiitazama Unguja. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar lilianza mwaka 1998, nalo huwa katikati ya mwaka, na kwa miaka mingi turubai lake limetundikwa Ngome Kongwe. Sauti za Busara ikafuata mwaka 2004. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2009 bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya baada ya ukarabati wa Taasisi ya Aga Khan. Matamasha hayo yamewapa wasanii wetu jukwaa, na walioyaanzisha kwa mikono mitupu wanastahili heshima yetu. Lakini siku ya Krismasi ya mwaka 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, hatua chache kutoka Ngome Kongwe, liliporomoka na kuua. Tulikuwa tumekusanyika jirani yake kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20, tukipiga makofi, na lilikuwa linapasuka.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa matamasha na kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe ni hili. Tupake mstari wetu, rangi mtachagua wenyewe. Uanzie Forodhani, upite Beit al-Ajaib wakati mafundi wakiwa kazini ili watu waone chokaa ikipigwa na boriti zikipandishwa, uende Mizingani hadi Malindi, urudi ndani kwa vichochoro vya mafundi makasha na washona kanzu, na hao wapewe vibao vya milango vilivyochorwa na vijana wetu. Ufike Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ambako watu wa saruji wamesimama shimoni na minyororo shingoni. Hapo wageni wengi hugeuka na kurudi hotelini.

Mstari wetu usigeuke. Uvuke Darajani, uvuke barabara ya Mkapa ambako zamani maji ya bahari yaliingia na kuutenga mji, uende Ng'ambo, wanakoishi watu wengi wa mji, wapishi na wabeba mizigo na waimbaji ambao Mji Mkongwe unawategemea kutwa na kuwasahau usiku. Upite katikati ya majengo ya Michenzani, na uishie Raha Leo, kwenye viwanja vya iliyokuwa Sauti ya Unguja, redio iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1951. Filamu moja ya kila tamasha ioneshwe huko, bure, na kila mwaka kazi moja ya msanii iachwe huko, ya kudumu, palipo na watoto. Mwaka wa kwanza inatosha rangi, brashi, na barua ya ruhusa.